Mzee Evaristi Nduwayezu na Mashua ya Ng'ambo

Jumatano tarehe 31 Desemba 1997, Mzee Evaristi Nduwayezu anastaafu kazi katika Hospitali ya Misheni Nyaruhigo, Kasulu, baada ya utumishi wa miaka ishirini na mitatu, miezi kumi na siku kumi na tatu. Hesabu hiyo ni ya ofisi. Mwenyewe huhesabu kwa misimu. Anasema ameitoa mashua ghalani na kuirudisha majini mara ishirini, na mara ya ishirini na moja ameitazama tu. Wasifu huu utazipitia hizo ishirini haraka. Hiyo moja itachukua nafasi zaidi, kwa sababu ndiyo iliyomtoa jasho kuliko zote.

Alizaliwa mwaka 1937 karibu na Rumonge, upande wa Burundi wa ziwa, katika nyumba ya mtengeneza mashua. Mwaka 1972 alivuka mpaka pamoja na mkewe, Mama Maximilla, watoto wawili na tezo la baba yake. Tarehe 18 Februari 1974 aliajiriwa hapa kama mtunza bustani. Fomu ya ajira ilikuwa na nafasi ya kuandika ujuzi wa mwombaji. Karani wa siku hizo aliandika "kulima" bila kumwuliza, kwani huku milimani hakuna aliyetegemea jibu lingine. Kwa hiyo kwa miaka miwili hospitali ilikuwa na fundi wa mashua anayepanda kabichi, na kabichi zenyewe, kwa ushahidi wa wote waliozila, hazikuwa nzuri.

Mambo yalibadilika mwaka 1976. Vijiji vitatu vilivyoko ng'ambo ya bonde la mto Malagarasi, viwili kati yake vikiwa Wilaya ya Kibondo, hukatika kila masika. Maji hujaa bondeni kuanzia Novemba hadi Mei, barabara hupotea, na mtoto akiugua surua huko hufika hapa akiwa amechelewa, au hafiki kabisa. Mganga Mkuu wa wakati huo alikuwa akilalamikia jambo hilo mbele ya bustani. Mtu mmoja akainuka kati ya kabichi na kusema angeweza kutengeneza chombo cha tanga. Mganga akamwuliza amejifunza wapi.

"Sikujifunza, Daktari," akajibu. "Nilizaliwa ndani yake."

Mashua ilikamilika kwa majuma kumi na moja. Ni ya mbao za mninga, urefu wake mita saba, ina mlingoti mmoja na tanga moja lililoshonwa kwa turubai la hema kuukuu. Haikupewa jina. Kwenye vitabu vya hospitali inaitwa "chombo cha ng'ambo" na kwa watu wa huko inaitwa "sindano".

Waliokuwepo miaka ya themanini wanakumbuka petroli ilivyoadimika. Magari yetu mawili yalikaa uani, mawe chini ya magurudumu, huku mashua ikienda ng'ambo kila Ijumaa kwa upepo ambao haukuhitaji kibali. Mwaka 1985 wafadhili wetu walileta injini ya kufungwa nyuma ya mashua. Ilifanya safari tisa. Ya kumi, mizizi ya mafunjo ilijisokota kwenye panga lake hadi ikazima, na Mzee Evaristi akapandisha tanga bila kutoa maoni yoyote. Injini hiyo bado inafanya kazi: inazuia mlango wa ghala usijifunge.

Kazi yenyewe ya kila mwaka huenda hivi. Mwezi Juni maji yanapokauka, mashua hupandishwa lori na kuletwa Kasulu, kilometa sitini na mbili, kwa sababu kuiacha bondeni ni kuiachia moto. Mwaka 1978 iliachwa, watu wakachoma nyasi kama kawaida, na mlingoti wa kwanza ukaisha hapo. Ghalani hukaa miezi mitano. Mbao hukauka, hupungua, na kati ya ubao na ubao hubaki nafasi inayopenyeza mwanga wa mchana. Mwezi Novemba lazima pamba ya zamani itolewe kwenye maungio, ipigwe mpya iliyochovywa kwenye mawese yaliyochemshwa na utomvu, kazi ambayo mafundi huita kalafati. Kisha tanga likaguliwe, kamba zibadilishwe, na mwisho mashua inyweshwe maji siku tano mtoni ili mbao zivimbe na kubanana zenyewe. Mtu wa mlimani akiona mashua imejaa maji husema imezama. Mzee Evaristi husema inakunywa.

Haiwezekani kueleza habari za ghala bila kutaja Septemba 1988. Mzee Evaristi alikuwa likizo. Mama Philomena, mpishi wetu ambaye wengi mnamfahamu, alikuwa anamwoza binti yake na alihitaji chombo cha kukamulia ndizi za pombe ya watu mia mbili. Mtumbwi wa kukamulia wa ukoo wake ulikuwa umepasuka. Ghalani kulikuwa na chombo cha mti, kipana, safi, kisicho na kazi hadi Novemba. Wanawake sita walikamua humo ndizi kwa nyasi siku nzima, wakachanganya unga wa mtama, wakafunika kwa majani ya migomba. Mzee Evaristi alirudi siku ya nne na kuikuta mashua yake ikichemka mapovu.

Mazungumzo yaliyofuata yalisikika hadi wodi ya wanaume.

"Mama Philomena, umeifanya nini mashua yangu?"

"Mutama, mzee wetu, wewe umetoka ziwani, hatukulaumu. Huku kwetu mti uliochongwa tumbo namna hii ni wa ndizi. Wewe ndiye unayeupeleka mtoni."

"Na masista watapanda nini?"

"Watapanda hiyo hiyo. Watafika wamechangamka."

Harusi ilifana. Mwezi Novemba ilionekana kwamba mashua haikuwa imekauka kama miaka mingine, na ilikunywa siku mbili tu badala ya tano. Mzee Evaristi, ambaye hana ubishi na jambo aliloliona kwa macho, alianza tangu mwaka huo kuweka nyasi mbichi na ndoo za maji ndani ya mashua mwezi wote wa Oktoba. Kuhusu harufu, ilidumu hadi Krismasi, na mahudhurio ya kliniki ya ng'ambo msimu huo yalikuwa makubwa kuliko yote ya muongo huo. Ofisi haikutafuta sababu.

Katika misimu yake yote hakuna mgonjwa aliyepotea majini. Watoto saba wamezaliwa ndani ya mashua, wawili wakapewa jina lake, na kwa kuwa mmoja ni msichana anaitwa Evarista. Dosari zake pia zipo. Haazimishi tezo. Hapendi kuandika. Taarifa yake ya kila Novemba kwa ofisi ilikuwa na mstari mmoja: "Mashua iko majini." Mwaka 1990 ofisi ilimtaka aongeze maelezo. Akaongeza: "Haivuji."

Dosari kubwa zaidi ilionekana mwaka huu. Katika miaka ishirini na moja hakuna mtu mwingine aliyewahi kuiandaa mashua. Si kwamba alificha. Kila aliyeuliza alionyeshwa. Lakini kuonyeshwa na Mzee Evaristi ni kusimama pembeni huku yeye anafanya. Hata Bi Adija Kasimu, mshonaji wetu wa mashuka na makoti ya wauguzi, ambaye amekuwa akishona tanga tangu 1989 na kushinda ghalani kila Novemba, alikuwa ameshika kila kifaa kwa lengo la kumpa Mzee tu.

Katibu wa Hospitali, Bwana Nathaniel Mkumbo, aliyehamia kwetu Julai kutoka Singida, aliliona hilo mapema. Jumatatu tarehe 27 Oktoba alitoa barua. Ilisema kwamba huduma inayotegemea mikono ya mtu mmoja anayestaafu haiwezi kuendelea kwa matumaini. Bi Adija ameomba kupewa kazi hiyo, na atapewa nafasi. Mashua ivuke na chanjo kabla ya saa sita mchana Ijumaa tarehe 21 Novemba, ikiwa imeandaliwa bila mkono wala neno la Ndugu Evaristi. Isipovuka, huduma ya ng'ambo itafungwa na mashua itauzwa. Wapo walioiona barua kuwa kali. Mzee Evaristi aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mfuko wa koti, na kusema ni ya haki.

Basi tukashuhudia majuma matatu ambayo fundi wa mashua alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa ghala, viganja amevikalia.

Msimu ulianza na hasara. Mvua za mwaka huu, kama kila mtu ajuavyo, zilikuja mapema na kwa fujo, na paa la ghala lilikuwa bovu upande wa magharibi. Bi Adija aliogopa maji ya paa yenye kutu yasiharibu mbao, akaisogeza mashua chini ya banda la nje palipo na upepo. Nyasi mbichi na ndoo za Oktoba ziliondolewa ili isogezwe, na hazikurudishwa. Mashua ikakauka kuliko mwaka wowote. Siku aliyoanza kutoa pamba ya zamani, aliweza kupitisha kijiko cha chai kati ya mbao mbili za chini.

Mzee Evaristi alikohoa.

"Mzee wangu," Bi Adija alisema bila kugeuka, "hata kikohozi ni neno."

"Nina mafua, mwanangu."

"Basi kaugulie kule."

Alihamisha kigoda hatua kumi. Siku ya tatu ya kalafati, Bi Adija alikuwa anaipiga pamba kwa nguvu mno. Pamba ikijazwa sana, ubao ukivimba hukosa nafasi na hupasuka. Mzee Evaristi aliona, akainuka, akaenda kliniki ya wagonjwa wa nje kupima shinikizo la damu. Daftari la zamu linaonyesha alirudi kupima tena saa tano na saa nane. Muuguzi wa zamu, Elieth, aliandika mbele ya jina lake: "Mgonjwa hana tatizo ila ghala." Kesho yake Bi Adija aligonga ubao kwa nyundo, akausikiliza, akaitoa pamba ya siku nzima na kuanza upya. Siku hiyo Mzee hakuja kupima.

Kulingana na mpango, lori lingeondoka na mashua Jumatano tarehe 12 Novemba, mbao zipate siku tisa za kunywa. Lakini malori yote yalikuwa yanakwenda kambi ya Mtendeli na mizigo ya wakimbizi, na barabara ilikuwa imekatika mahali pawili. Lori lilipatikana Jumanne tarehe 18. Mashua ilifika kivuko cha Rusenga saa kumi na mbili kasorobo jioni. Zilibaki siku mbili na nusu kwa mbao zilizohitaji tano katika mwaka wa kawaida, na mwaka huu haukuwa wa kawaida.

Njia ya Mzee Evaristi ni kuiweka mashua kwenye maji ya kina kidogo, ijae nusu, na kila asubuhi kuchota na kuiacha ijae tena. Bi Adija alisimama kivukoni kwa muda, akaangalia juu, akaangalia saa yake. Kisha akawaomba wanaume wa kivukoni wamletee mawe.

Waliyaleta. Aliyapanga ndani ya mashua moja baada ya jingine, makubwa katikati, madogo mbele na nyuma, kila moja juu ya gunia la nyasi. Maji yakaanza kuingia kwa kasi. Kufikia usiku, mashua yote ilikuwa chini ili mbao zote zinywe kwa pamoja, juu ya maji pamebaki ukingo mwembamba na ncha ya mbele. Abdalah, nahodha wetu tangu 1981, anasema alimtazama Mzee Evaristi wakati huo. Mzee alikuwa ameshika ukosi wa koti lake kwa mikono miwili. Hajawahi kuizamisha mashua ile hata mara moja. Mawe yakielemea mahali pabaya, mataruma, yaani mbavu za mashua, huvunjika, na mashua iliyovunjika mataruma ni kuni. Alijua hivyo na hakuwa na ruhusa ya kulisema. Usiku huo hakukaa kivukoni. Alikwenda kulala kwa mjane mmoja mwenye nyumba ya wageni, akaomba chumba kisicho na dirisha la upande wa mto.

Alhamisi mchana Katibu alifika na Landrova kuona maendeleo. Aliuliza mashua iko wapi. Akaonyeshwa maji.

"Imezama?"

"Imezamishwa, Bwana Katibu," Bi Adija alisema. Alikuwa ndani ya maji hadi kiunoni, kanga ya pili ameifunga kichwani.

"Na nani?"

"Na mimi."

Bwana Mkumbo ni mtu mtulivu. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, na mashua ilikuwa bado chini. Akawaambia wanaume wa kivukoni waivute, waitoe, waianike juani hadi kesho. Wanaume wanane walishika kamba. Kwa mtu aliyekulia nchi kavu lilikuwa jambo la busara: kitu kilicholowa hukaushwa. Lingekuwa pia ndio mwisho wa mashua kwa msimu huu, kwa sababu jua la nusu siku lingeufungua kila uungio.

"Bwana Katibu, ukiitoa leo juani, kesho utakuwa umewapandisha wauguzi kwenye tenga," Bi Adija alisema. Alikuwa ameshika ncha ya mbele na hakuiachia.

"Dada Adija, mimi naona chombo kimejaa maji na wewe unaniambia kiko sawa."

"Sijasema kiko sawa. Nimesema kesho saa tatu."

Katibu akageuka. Mzee Evaristi alikuwa ameketi juu ya mzigo wa mafunjo.

"Mzee, mbona husemi? Hii ni sawa au si sawa?"

Mzee Evaristi alitia mkono mfukoni, akatoa barua ya tarehe 27 Oktoba iliyokunjwa mara nne, akaikunjua na kumpa. Bwana Mkumbo aliitazama sahihi yake mwenyewe.

"Akisema neno, barua yako imenifelisha," Bi Adija alisema kutoka majini. "Usipomwuliza, nina hadi kesho. Chagua, Bwana Katibu."

Wanaume wa kivukoni walicheka, na mmoja akamshauri Katibu aandike barua nyingine ya kuikataza ile ya kwanza. Yeye hakucheka, ila alirudisha barua kwa mwenyewe, akawaambia waachie kamba, na kusema atafika kesho saa tatu kamili. Aliondoka kama alivyokuja, bila kupandisha sauti. Hilo nalo linastahili kuandikwa.

Inafaa kueleza wazi hali ya Mzee Evaristi usiku ule, kwa kuwa yeye mwenyewe amekubali ielezwe. Hakuwa anamwamini Bi Adija kwa siri huku akitabasamu. Aliamini Bi Adija amekosea. Alikuwa na hakika kwamba asubuhi wangetoa mawe na kukuta mataruma yamekwisha, huduma ingefungwa, na wale watoto wa ng'ambo wangebaki bila chanjo hadi Juni. Angeweza kulizuia kwa sentensi moja. Lakini sentensi hiyo nayo ingeifunga huduma, kwa njia nyingine. Akaamua kwamba mashua ikivunjika kwa mkono wa Bi Adija, kutakuwa na mtu wa pili duniani anayejua kwa nini mashua ile huvunjika. Mama Maximilla anasema katika ndoa ya miaka thelathini na sita hajawahi kumsikia mumewe akinyamaza kama majuma yale.

Ijumaa tarehe 21 walianza kutoa mawe saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Bi Adija aliyatoa kwa mpangilio uleule aliotumia kuyaweka, akipeleka mkono chini ya kila gunia kabla ya kuliinua. Chini ya jiwe la saba alisimama. Taruma moja, la tatu kutoka nyuma, lilikuwa limepata ufa wa urefu wa kidole. Alitoa kipande cha mninga alichokuja nacho kutoka Kasulu, akakipachika ubavuni mwa ufa, akakifunga kwa kamba na misumari miwili ya shaba, na kuendelea na jiwe la nane. Alikuwa amekikata kipande hicho Kasulu, juma zima kabla ya kuwaza habari za mawe. Alipoulizwa kwa nini, alisema fundi cherehani haondoki nyumbani bila kiraka.

Saa mbili na dakika kumi mashua ilikuwa tupu. Bi Adija alichukua jagi la hospitali lenye alama za lita, akaikausha mashua kwa matambara hadi chini kabisa, akakaa. Katibu alifika saa tatu kamili akamkuta anatazama mbao. Walisubiri saa nzima. Saa nne na dakika kumi alichota maji yote yaliyoingia tangu ikaushwe. Hayakufika lita moja. Mwaka 1993, ambao Mzee Evaristi huutaja kama msimu wake bora, kipimo hichohicho kilikuwa lita mbili na robo.

Sanduku la barafu liliwekwa katikati. Elieth na mganga msaidizi walipanda. Abdalah alishika usukani, Bi Adija akapandisha tanga alilolishona mwenyewe, nao wakaondoka saa nne na nusu. Walivuka kwa saa moja na dakika ishirini, wakafika ng'ambo dakika kumi kabla ya saa sita. Siku hiyo watoto mia mbili na kumi na moja walichanjwa surua. Wa kwanza, mvulana wa Uwimana, mwenye duka la ng'ambo, alimng'ata Elieth.

Kivukoni Bwana Mkumbo alimwambia Mzee Evaristi kwamba sasa ana ruhusa ya kusema. Watu walisogea. Baada ya majuma matatu na nusu, kila mtu alitaka kusikia.

"Nilidhani anakosea," alisema Mzee Evaristi.

"Basi?"

"Basi. Hakukosea."

Jumatatu iliyofuata Bi Adija alipewa barua ya kazi. Njia ya mawe imeingizwa kwenye maelekezo ya matayarisho ya mashua, ambayo kwa mara ya kwanza yameandikwa, kurasa nne, kwa mkono wa Bi Adija. Mzee Evaristi ameyasoma. Aliongeza sentensi moja pembeni, kuhusu kugonga ubao na kuusikiliza kabla ya kupiga pamba, na Bi Adija akaifuta kwa sababu ilikuwa tayari ukurasa wa pili.

Limebaki jambo moja. Ijumaa tarehe 12 Desemba, Mzee Evaristi alipanga kusafiri na mashua hadi ng'ambo kuwaaga watu wake wa huko. Alipata lori la asubuhi, lori likakwama matopeni kabla ya Rusenga, na alipofika kivukoni ilikuwa saa mbili na robo. Mashua ilikuwa katikati ya maji, tanga limejaa, imeondoka saa mbili kamili kama ratiba inavyosema. Hakuna aliyemsubiri. Hakuna hata aliyeuliza yuko wapi. Abdalah amekiri baadaye kwamba kati yao hakuna aliyekumbuka kuwa alikuwa aende.

Kabla ya msimu huu mashua hiyo haikuwahi kung'oa nanga bila yeye kuikagua. Mzee Evaristi alisimama kivukoni akaitazama hadi ilipoingia nyuma ya mafunjo. Akanunua hindi la kuchemsha, akalila lote, akapanda gari la kwanza kurudi Titye, ambako ana shamba na maharage yaliyokuwa yanangoja kupaliliwa. Juma lililofuata alipita ofisini kusaini karatasi zake. Alimwambia Katibu kwamba tarehe 31 ni ya serikali na kanisa, lakini yeye alistaafu ile Ijumaa, saa mbili na robo asubuhi, na alistaafu akiwa ameshiba.

Wafanyakazi wote mnakaribishwa kumuaga Jumatano saa nane mchana katika bwalo. Mama Philomena atapika. Ameahidi kutumia vyombo vya jikoni.

Mzee Evaristi, tunakushukuru kwa mashua, kwa watoto waliovuka salama, na kwa yale majuma matatu na nusu uliyokaa kimya. Tunakuombea afya pamoja na Mama Maximilla, na maharage mazuri kuliko zile kabichi. Ijumaa yoyote utakayotaka kwenda ng'ambo, nafasi yako ipo. Ila uwahi.